Je, Wajua? Mazingira Yako Yote Kwenye Seva Yanaweza Kuandikwa Katika Faili Moja

Je, wajua kwamba mafaili yaliyofichwa kwenye Unix na Linux hayakupangwa na mtu? Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, alieleza mwaka 2012 kwamba zamani za Unix kila saraka iliwekewa majina mawili: nukta moja, yaani saraka yenyewe, na nukta mbili, yaani saraka iliyo juu yake. Ili yasionekane mtu anapoorodhesha mafaili kwa amri ya ls, programu hiyo iliambiwa iruke jina lolote linaloanza na nukta. Ilipaswa kuruka majina mawili tu, ikajikuta inaficha kila lenye nukta mwanzoni. Watu wakaanza kuhifadhi mipangilio yao kwenye mafaili ya aina hiyo: .profile, .bashrc, .vimrc. Ndiyo maana mtu akihamia seva mpya, vitu anavyovisahau ni vile asivyoviona.

Kuna dawa ya usahaulifu huo. Programu ya Home Manager, inayotegemea Nix, mfumo wa kusimamia programu, humpa mtumiaji faili moja, home.nix, aandike hali anayoitaka: programu zipi ziwepo, Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, imtambue kwa jina gani, vifupisho vyake vya amri ni vipi. Hatua za kufika huko haandiki. Akiweka mstari programs.git.enable = true; kisha akaendesha home-manager switch, Git inakuja. Akiufuta na kurudia amri, Git inatoka kwenye mazingira yake. Hapa ndipo hati za kawaida za amri zinapoachwa nyuma, kwa sababu nyingi zinajua kuongeza lakini hazijui kuondoa. Na Nix ikishawekwa kwenye seva, mtumiaji wa kawaida hufanya haya yote bila kumwomba msimamizi nenosiri lake.

Nix ilianzishwa mwaka 2003 na Eelco Dolstra, katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Tasnifu yake ya udaktari ilitoka mwaka 2006. Wazo lake kuu liko kwenye saraka ya /nix/store. Kila programu inayoingia humo hupewa jina linaloanza na alama 32, zinazokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kuijenga: msimbo wake, vitegemezi vyake, hata chaguo dogo la ujenzi. Badilisha kimoja tu, jina linabadilika. Kwa hiyo matoleo mawili ya programu moja hukaa pamoja bila kugombana, na jirani yako kwenye seva ileile anaweza kutumia la zamani wewe ukiwa na jipya. Chunguza alama hizo na hutaona herufi e, o, t wala u. Dolstra aliziacha makusudi, ili kupunguza uwezekano wa mfumo kuunda matusi kwa bahati mbaya.

Jambo jingine la humo ni tarehe. Kila faili linaonyesha 1 Januari 1970, sekunde moja baada ya saa za Unix kuanza kuhesabiwa. Kwenye seva iliyowekewa saa za Afrika Mashariki, hiyo ni saa tisa usiku. Tarehe halisi zimefutwa ili muda wa kujenga programu usilete tofauti kati ya nakala moja na nyingine.

Je, wajua kwamba mazingira ya jana hayafutwi? Kila switch yenye mabadiliko huzaa kizazi kipya, na cha zamani kinabaki. Upakuaji na ujenzi hufanyika kando kwanza. Mtandao ukikatika katikati, unachokitumia hakijaguswa. Ukiharibu mipangilio, unarudi kizazi kilichotangulia. Gharama yake ni diski, na anayefuta vizazi vya zamani ili apate nafasi ajue kwamba hawezi tena kuvirudia.

Home Manager pia ina adabu: ikikuta .bashrc uliyoiandika kwa mkono, inasimama na kukuambia faili lipo njiani. Ukiongeza -b backup, inalipa la zamani jina jingine kabla ya kuweka lake.

Lakini hili lishike sana: usiandike nenosiri ndani ya home.nix. Yaliyomo huishia /nix/store, na kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo anaweza kuyasoma. Zipo zana kama sops-nix na agenix, zinazohifadhi siri ikiwa imefumbwa na kuifumbua nje ya saraka hiyo.

Na kama umeagiza huduma yako iendeshwe na systemd ya mtumiaji, yaani msimamizi wa huduma kwenye Linux, usishangae ikizimika ukitoka kwenye seva. Kwa kawaida systemd hufunga huduma za mtumiaji anapofunga kikao chake cha mwisho. Amri ya loginctl enable-linger ndiyo inayoziacha ziendelee, na kwenye baadhi ya seva msimamizi lazima akuidhinishie.