Dawa Ndani ya Kichwa cha Kuku

Nani anaweza kumshika mbweha wa mwitu na kumchoma sindano? Hakuna. Lakini katika inchi ya Uswisi waganga walipata njia.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa uliingia kule mwaka 1967, nao mbweha ndio walioueneza. Mbweha hulala porini, lakini usiku huingia hata mijini kutafuta chakula. Humwuma mbwa, na mbwa humwuma mtoto. Watu waliwaua mbweha wengi, lakini wengine walikuja kukaa pahali pao, na ugonjwa haukuisha.

Basi mwaka 1978, katika bonde la mto Rhône, waliweka porini vichwa vya kuku vyenye dawa ya chanjo. Mbweha akitafuna, dawa ikagusa kinywa chake, na mwili wake ukapata nguvu ya kushinda ugonjwa. Walirudia kazi hiyo miaka mingi. Mwaka 1999 inchi yao ilihesabiwa kuwa safi.

Kwetu Kongo, anayetuletea ugonjwa huu zaidi ni mbwa wa nyumbani. Umpeleke achanjwe.

Mtu akiumwa, mwoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Umlete hospitali siku ile ile apate chanjo. Usingoje! Kichaa kikiisha kuonekana, hakuna dawa ya kumponya.

Wale walihangaika kwa mbweha wasio na mwenyewe. Je, sisi tutashindwa kumfunga mbwa wetu kamba na kumpeleka?