Mawe ya Butaro na Mkono wa Mwashi

Kaskazini mwa Rwanda, wilayani Burera, jembe halikawii kugonga jiwe. Ni jiwe jeusi lenye vitundu vingi, lililotemwa na volkano za Virunga, na kwa mkulima ni kero tu: hulitoa shambani, akalirundika kando ya barabara, akaendelea na viazi vyake. Waashi wa huko walikuwa wakilitumia kwenye misingi na kuta za uzio, wakilizungushia saruji nyingi ili kufunika ukorofi wa umbo lake. Halikuhesabiwa kuwa jiwe la jengo la heshima.

Januari 2011 ilifunguliwa hospitali ya wilaya juu ya kilima cha Butaro, yenye vitanda 140, na kuta zake ni za jiwe hilohilo. Limechongwa, likapangwa, likabanana hata ukiutazama ukuta huioni saruji. Unaona weusi wa jiwe na vivuli vyembamba kati ya moja na jingine.

Ofisi iliyosanifu hospitali hiyo inaitwa MASS Design Group. Ilizaliwa mwaka 2008, Michael Murphy na Alan Ricks wakiwa bado wanafunzi wa usanifu majengo Harvard, Marekani. Murphy alikuwa amemsikiliza Paul Farmer, daktari aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la Partners In Health, akagundua kwamba watu waliokuwa wakijenga zahanati na hospitali za maskini hawakuwa na msanifu wa kufanya naye kazi. Shirika hilo na Wizara ya Afya ya Rwanda walitaka hospitali Burera, wilaya yenye watu zaidi ya 300,000 ambayo miaka michache kabla ya hapo haikuwa na daktari hata mmoja. Leo ofisi hiyo ina kituo kikubwa Kigali, na Wanyarwanda kama msanifu Christian Benimana wamekuwa miongoni mwa viongozi wake.

Nimeichagua kazi hii kwa sababu neno "shirikishi" linatumika sana katika fani yetu na mara nyingi halibebi kitu. Huwa ni mkutano mmoja wa kijiji na karatasi ya mahudhurio, kisha msanifu anarudi mjini na ramani ileile aliyokuja nayo. Butaro ushirikiano ulibadili jengo lenyewe, na mabadiliko hayo unaweza kuyagusa kwa kiganja.

Yalianzia kwenye kuchimba kilima. Kukisawazisha kulihitaji katapila, na katapila ilikuwa ghali na ngumu kuifikisha juu ya milima ile. Bruce Nizeye, mhandisi Mnyarwanda aliyesimamia ujenzi, akashauri kilima kichimbwe kwa mikono, kwa desturi ya ubudehe: majirani kukusanyika kulifanyia kazi shamba la mmoja wao kabla ya mvua. Msomaji wa Tanzania ataitambua kama msaragambo, wa Kenya ataikumbuka harambee. Mamia ya watu wakaja na majembe na masepeto, na hawa walilipwa. Murphy amesimulia hadharani kwamba kazi ilikwisha kwa nusu ya muda na nusu ya gharama ya katapila. Fedha ambazo zingekwenda kwenye dizeli na kukodi mtambo zilibaki mifukoni mwa watu wa Burera. Sisi wataalamu hatuna mazoea ya kuihesabu faida ya namna hiyo, kwa sababu haionekani katika michoro yetu.

Kisha yakaja mawe. Wasanifu na waashi walikaa pamoja kutafuta namna ya kulichonga lile jiwe la volkano ili likae bila saruji nyingi usoni. Hakuna chuo kilichokuwa na somo hilo. Walijifunza ukutani, wakianzia kona moja ya hospitali na kuizunguka mpaka kurudi walikoanzia. Walipofika mwisho mkono ulikuwa umekomaa kiasi kwamba waliutazama ukuta wa kwanza wakaona haya, wakaomba ruhusa ya kuubomoa waujenge upya. Ombi hilo ndilo kipimo changu cha ushirikiano. Kibarua wa siku hupokea ujira wake akaenda zake, lakini mwashi anayeomba kuurudia ukuta wake tayari ni mwenye jengo.

Hewa ya wodini nayo ilifikiriwa kwa uzito uleule. Mwaka 2006 ulimwengu wa tiba ulishtushwa na taarifa kutoka Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini: kati ya wagonjwa 53 waliokutwa na kifua kikuu sugu kupita kiasi, 52 walifariki. Wengi wao walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini muda mfupi kabla, na kila dalili ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa ukisambaa wodini humohumo. Korido ya ndani iliyojaa watu wanaokohoa, madirisha yamefungwa kwa baridi: msanifu aliyechora hivyo ameshiriki kuambukiza, hata kama hakukusudia.

Butaro korido za ndani ziliondolewa. Watu hupita na kusubiri barazani, nje, kama ilivyokuwa katika nyumba zetu za zamani. Wodi zina dari ya juu. Upande mmoja madirisha yako chini na upande wa pili yako juu, ili hewa ya baridi iingie, ipate joto, ipande na kutoka. Feni kubwa inazunguka polepole kuikoroga, na taa za mionzi ya urujuanimno zilizofungwa karibu na dari huua vijidudu vinavyopanda nayo. Vitanda navyo havikuegemezwa kwenye kuta za nje. Vimepangwa katikati ya wodi, vichwa kwenye ukuta mfupi, kila mgonjwa akitazama dirisha, na nje ya dirisha ni bonde na matuta ya mashamba. Mgonjwa wa Burera analala akiiona nchi yake.

Hapo mandhari yanafanya kazi ya tiba. Yanatoa upepo, mwanga na utulivu bila umeme mwingi, mradi msanifu ameuliza upepo unatoka wapi. Na wa kuulizwa ni mtu anayeishi pale. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilichora zahanati ya kijiji kimoja cha pwani, upande wa Tanga, nikiwa mezani Dar es Salaam. Siku ya kupiga kamba, fundi mmoja mzee alisimama palipokusudiwa kuwa mlango, akageuka kutazama baharini.

"Injinia, kusi ikianza, masika yote itakupigia hapa. Wagonjwa utawaweka wapi?"

"Mzee wangu, nionyeshe wewe," nikamjibu.

Tukakaa chini ya mkungu, tukaugeuza mlango, tukaongeza baraza. Jioni ile nilijifunza jambo ambalo miaka mitano ya chuo haikunipa.

Watu wengi wakisikia "asili ya mahali" hufikiria mapambo: makuti juu ya hoteli, mlango wa nakshi uliobandikwa kwenye ukuta wa kioo. Asili ya mahali ni hesabu. Tazama nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali. Upana wa chumba haukuzidi sana mita 3. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa palepale pwani, mnene wa kutosha kuzuia joto la mchana lisifike ndani. Msitu wa mikoko ndio uliochora kile chumba. Mafundi wa pwani walisanifu pamoja na mandhari yao karne nyingi kabla ya sisi kulitafutia jambo hilo jina la kitaalamu.

MASS wameendelea na hesabu hiyohiyo katika ardhi nyingine. Huko Bugesera, kusini mwa Kigali, eneo la Gashora, wamesanifu chuo cha kilimo hifadhi kiitwacho RICA, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2019. Kule hakuna jiwe jeusi la Virunga, kuna udongo. Basi kuta zikawa za udongo ulioshindiliwa: unachanganywa na saruji kidogo, unamwagwa ndani ya fomu za mbao tabaka kwa tabaka, unashindiliwa mpaka unakuwa mgumu, kisha fomu inavuliwa na mistari ya tabaka inabaki kama pambo. Kuta nyingine ni za matofali ya udongo yaliyofyatuliwa kwa mashine bila kuchomwa. Sehemu kubwa mno ya vifaa vya chuo hicho, kwa uzito, ilitoka Rwanda yenyewe.

Uzito wa jambo hili uko wazi ukikumbuka kwamba saruji peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Na sisi tunaojivunia tofali la kuchoma tujiulize kila tanuri limekula miti mingapi.

Udongo una masharti yake, na asiyeyaeleza anawahatarisha watu. Hauvumilii maji, kwa hiyo unataka msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi na paa lenye upenu mpana. Katika nchi za bonde la ufa kuna pia tetemeko. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera, likaua watu zaidi ya 15, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo au za matofali yasiyofungwa kwa lenta. Fundi wa jadi anajua mvua na upepo kuliko mhandisi. Mhandisi anajua tetemeko kuliko fundi. Jengo salama linawahitaji wote wawili mezani, tangu siku ya kwanza.

Ni kweli pia kwamba Butaro na RICA zilijengwa kwa msaada wa wafadhili, fedha ambazo halmashauri zetu hazina. Lakini kilima kiliokoa fedha, na mawe ya barabarani hayakuagizwa kwa meli.

Tanzania mlango uko wazi tayari. Shule na zahanati nyingi za serikali siku hizi hujengwa kwa fosi akaunti: vifaa vinanunuliwa na mafundi wa karibu wanaajiriwa moja kwa moja, bila mkandarasi mkubwa. Mwaka 2021 ulianza mpango wa vyumba 15,000 vya madarasa. Mafundi walikuwa wa hapohapo, lakini darasa lilikuwa lilelile, kwenye joto la Mtwara na kwenye baridi ya Makete. Fundi alipewa kazi, hakupewa kauli.

Waheshimiwa madiwani na wahandisi wa halmashauri, orodha ya vifaa vya jengo lijalo bado haijasainiwa. Kabla ya kuisaini, mwiteni mwashi mzee wa kata, mpande naye kilima, mumuulize mvua inapigia upande gani na jiwe liko wapi, na majibu yake myaandike kwenye ramani.