Uvimbe wa Ugwe Mgongo Unaporudi: Namna ya Kupima Njia za Matibabu

Ugwe mgongo ni mkanda wa neva unaoshuka kutoka chini ya ubongo ukipita ndani ya mfereji wa pingili za mgongo. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 42 hadi 45 hivi, na sehemu kubwa yake haizidi unene wa kidole kidogo. Katika njia hiyo nyembamba hupita amri zote za kutembea, kushika, kukojoa na kwenda haja kubwa, pamoja na hisia za mguso, joto na maumivu kutoka shingoni kwenda chini.

Uvimbe ukiota humo hauna pa kutanukia, maana mfupa umeuzingira pande zote. Hata uvimbe usio wa saratani unaweza kumpoozesha mtu. Ukiondolewa kisha ukarudi, uamuzi wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza: mgongo umeshapasuliwa, pengine umeshapigwa mionzi, na baadhi ya neva zimeshaumia. Hapo jambo la kuulizwa kabla ya jingine lolote ni uwezo alionao mgonjwa kwa sasa, na njia itakayoulinda uwezo huo kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini uvimbe hurudi

Sababu kubwa ni mabaki ya upasuaji wa kwanza, na mabaki hutegemea aina ya uvimbe. Ependimoma, ambayo kwa watu wazima huongoza miongoni mwa uvimbe unaoota ndani ya ugwe wenyewe, mara nyingi huwa na mpaka unaoonekana, hivyo daktari anaweza kuuondoa wote. Astrositoma, inayoongoza kwa watoto, hupenyeza seli zake katikati ya neva zilizo hai; kuzifuata zote ni kuukata ugwe. Meninjioma na shwanoma huota nje ya ugwe, kwenye utando unaoufunika au kwenye mizizi ya neva. Zikitolewa zote ni nadra kurudi, lakini kipande kikiachwa kinaweza kukua tena polepole.

Wagonjwa wachache wana hitilafu ya kurithi inayozaa uvimbe mwingi mwilini, kama vile neurofibromatosi aina ya pili au ugonjwa wa von Hippel-Lindau. Kwao, kinachodhaniwa kuwa uvimbe uliorudi kinaweza kuwa uvimbe mpya ulioota mahali pengine.

Muda wa kurudi hautabiriki kirahisi. Uvimbe mkali unaweza kurudi ndani ya miezi michache, ilhali ependimoma huweza kukaa kimya miaka 10 au zaidi kabla ya kuonekana tena. Kwa hiyo kupona vizuri hakumwondolei mgonjwa haja ya kuendelea kupigwa picha za MRI kwa ratiba anayopangiwa, hata kama hana dalili yoyote.

Kuthibitisha kabla ya kutibu

Si kila kinachong'aa kwenye picha ni uvimbe. Kovu la upasuaji, uvujaji wa damu wa zamani na madhara ya mionzi vinaweza kufanana nao. Madhara ya mionzi huweza kujitokeza miezi au miaka baada ya matibabu, yakileta ganzi na udhaifu uleule ambao uvimbe ungeleta.

Hatua ya kwanza ni MRI yenye dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa, ikilinganishwa na picha zote za nyuma. Picha moja huonyesha umbo. Mfululizo wa picha huonyesha mwendo, na mwendo ndio unaosema kama kitu kinakua. Aghalabu madaktari hutaka kuona uti wote wa mgongo na ubongo, kwa sababu baadhi ya uvimbe husambaza seli zake kupitia majimaji yanayozunguka sehemu hizo.

Swali la pili ni kama uvimbe umebaki wa aina ileile. Shirika la Afya Duniani hupanga uvimbe wa mfumo wa neva katika daraja 1 hadi 4 kwa kadiri ya ukali wake, na toleo lake la mwaka 2021 linatumia pia vipimo vya vinasaba. Uvimbe wa daraja la chini unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi. Pale ambapo kutoa kipande kipya hakutamuumiza mgonjwa kupita kiasi, kukipima upya kunaweza kubadili mpango mzima wa matibabu.

Kusubiri kwa uangalizi

Kusubiri ni njia halali ya matibabu endapo uvimbe ni mdogo, wa daraja la chini, na mgonjwa hana dalili mpya. Faida yake ni kwamba mtu anaendelea na maisha bila kubeba hatari ya kisu au mionzi. Hatari yake ni kuchelewa, kwa hiyo kusubiri kuwe na masharti yanayojulikana: picha zitapigwa kila baada ya muda gani, na ni badiliko lipi litakaloanzisha matibabu. Kusubiri kusiko na tarehe ni sawa na kuacha tiba.

Upasuaji wa mara ya pili

Upasuaji unabaki kuwa tegemeo kubwa pale uvimbe unapokuwa na mpaka, kama ilivyo kwa ependimoma nyingi, shwanoma na meninjioma. Hata hivyo, mara ya pili huwa ngumu. Kovu hugandamanisha utando na ugwe, na ule mpaka uliomwongoza daktari mwanzoni hufifia. Kidonda huchelewa kupona, hasa penye mionzi ya zamani, na maji ya uti wa mgongo huweza kuvuja. Mfupa unaoondolewa ili kufungua njia unaweza kuufanya mgongo upinde, hasa kwa watoto, na pengine ukahitaji kufungwa kwa vyuma.

Hatari hizo hupunguzwa na darubini ya upasuaji, chombo cha mawimbi ya sauti kinachosaga na kufyonza uvimbe, na mitambo inayopima mawasiliano ya neva wakati mgonjwa yuko usingizini. Mawasiliano yakianza kudhoofika, daktari anaweza kusimama na kuacha kipande. Kuacha kipande kwa makusudi ili mgonjwa aendelee kutembea ni uamuzi wa kitaalamu unaofaa kuzungumzwa kabla ya siku ya upasuaji.

Kigezo kinachotabiri vizuri zaidi matokeo ni hali ya mgonjwa anapoingia chumba cha upasuaji. Kipimo cha McCormick, kinachotumika tangu mwaka 1990, kina daraja 4: katika la kwanza mtu anatembea kawaida, katika la nne ana udhaifu mkubwa na kwa kawaida hawezi kujitegemea. Anayeingia akitembea ana nafasi nzuri ya kutoka akitembea, ingawa wengi hupata ganzi au udhaifu kwa wiki au miezi ya mwanzo. Aliyekwishapooza muda mrefu ni nadra kurudishiwa nguvu zote. Kwa hiyo, uvimbe ukithibitika kuwa unakua na upasuaji unawezekana, kungoja miguu iishe nguvu ni kuipoteza nafasi bora.

Mionzi

Mionzi hutumika pale uvimbe usipoweza kuondolewa wote au unapokuwa mkali. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dozi ndogo siku 5 kwa wiki, kwa muda wa karibu wiki 6, jumla ikifikia grei 45 hadi 54 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Kikomo hicho kinatokana na ustahimilivu wa ugwe wenyewe. Kwa dozi ndogo za kila siku, hatari ya ugwe kuharibika hukadiriwa kuwa asilimia 0.2 kwenye grei 50, asilimia 6 kwenye grei 60, na karibu asilimia 50 kwenye grei 69.

Mgonjwa ambaye hajawahi kupigwa mionzi eneo hilo ana njia hii bado wazi. Aliyekwishapigwa ametumia sehemu kubwa ya akiba yake. Ugwe hurudisha kiasi cha ustahimilivu baada ya miezi 6 au zaidi, hivyo mionzi ya mara ya pili huwezekana kwa baadhi ya watu, ila kwa hesabu makini. Mionzi ya kulenga, inayotumia miale mingi inayokutana kwenye uvimbe kwa usahihi wa milimita, imepanua uwezekano huo, hasa kwa uvimbe ulio nje ya ugwe.

Dawa

Kwa uvimbe mwingi wa ugwe, dawa za kuua seli zina nafasi ndogo kuliko upasuaji na mionzi. Hutumika zaidi kwa watoto, ambao madaktari hutaka kuwacheleweshea mionzi, na kwa uvimbe mkali uliorudi.

Mabadiliko makubwa yametoka kwenye dawa zinazolenga kasoro maalumu ya vinasaba. Nchini Marekani, belzutifan iliidhinishwa mwaka 2021 kwa hemanjioblastoma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, zinazotokana na ugonjwa wa von Hippel-Lindau. Mwaka 2022 dabrafenib pamoja na trametinib ziliidhinishwa kwa uvimbe wenye badiliko la BRAF V600E. Dawa hizi humfaa mwenye kasoro husika tu, na ni ghali. Pasipo kupima kipande cha uvimbe, hakuna njia ya kujua kama zitasaidia.

Deksamethasoni hutolewa mara nyingi kupunguza uvimbe wa maji unaoubana ugwe. Inaweza kurudisha nguvu kwa haraka, lakini haitibu uvimbe wenyewe, na ikitumika muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha misuli na kupunguza kinga ya mwili. Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla.

Saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine

Uvimbe unaobana ugwe baada ya kusambaa kutoka kwenye titi, tezi dume au mapafu hufuata hesabu tofauti, kwa kuwa ugonjwa uko pia mahali pengine mwilini. Hapa saa zina thamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa, kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, asilimia 84 ya waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi waliweza kutembea, dhidi ya asilimia 57 ya waliopigwa mionzi peke yake. Kwa mgonjwa aliyedhoofika sana, mionzi ya siku chache au hata ya mara moja yenye lengo la kupunguza maumivu inaweza kumfaa zaidi.

Kufikia uamuzi

Uamuzi mzuri hufanywa na jopo: daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, daktari wa saratani, mtaalamu wa picha, mtaalamu wa kupima vinyama, pamoja na mgonjwa na familia yake. Katika Afrika Mashariki wataalamu hao mara nyingi wako kwenye taasisi tofauti. Dar es Salaam, kwa mfano, upasuaji hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa hiyo mgonjwa anapaswa kutunza kumbukumbu zake: CD za picha zote za MRI, ripoti ya upasuaji, majibu ya maabara, na taarifa ya dozi ya mionzi na eneo lililopigwa. Vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa maabara vinaweza kuombwa vipimwe upya. Bila taarifa ya dozi, daktari wa mionzi hawezi kujua kwa usalama ni kiasi gani kimebaki.

Kwa kila njia inayopendekezwa, inafaa yaulizwe mambo haya: lengo ni kuponya, kuchelewesha au kutuliza? Nini kinaweza kupotea, na kwa uwezekano gani? Ikishindwa, ni njia zipi zitakuwa bado wazi? Gharama na safari zitabebwa na nani? Mgonjwa mwenyewe anathamini nini zaidi: mikono ya kufanyia kazi, kudhibiti mkojo, miaka zaidi, au siku zisizo na maumivu? Fundi cherehani na mkulima wanaweza kupewa picha inayofanana na wakachagua tofauti, na wote wawe wamechagua sawasawa.

Mazoezi tiba, utunzaji wa kibofu na ngozi, na tiba shufaa viende pamoja na njia yoyote iliyochaguliwa, tangu mwanzo. Kutuliza maumivu na kuzuia vidonda vya mgongoni ni matibabu kamili, hata pale ambapo uvimbe hauwezi tena kuondolewa.

Zipo dalili zisizongoja kikao cha jopo: miguu au mikono kuishiwa nguvu ghafla au kwa siku chache, mkojo kuziba au kutoka bila kujizuia, ganzi katikati ya mapaja na makalio, au maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku. Mwenye historia ya uvimbe wa ugwe mgongo akiziona, afike siku hiyohiyo kwenye hospitali inayoweza kupiga MRI, akiwa na kumbukumbu zake mkononi.