Bata Mzinga wa Krismasi: Nyama Iliyobaki Tuifanyeje?

Katika ndege tunaowafuga nyumbani hakuna amshindaye bata mzinga kwa ukubwa. Waganda humwita ssekkokko, na wiki chache kabla ya Krismasi utamwona katika masoko ya Kampala, amefungwa miguu, akiwatazama wapita njia kwa hasira. Dume aliyenona aweza kufika kilo 10 au kupita. Basi mtu anunuapo ndege kama huyo kwa ajili ya watu wanane, yampasa ajue tangu mwanzo kwamba tarehe 26 Desemba atakuwa na nyama nyingi sufuriani, na fedha nyingi zimo ndani ya nyama hiyo. Yafaa iliwe yote, tena iliwe bila kumdhuru mtu.

Kabla sijafika jikoni, niseme neno juu ya jina lake, kwa maana linachekesha. Asili ya ndege huyu ni Amerika. Watu wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla ya kufika Wahispania, na Wahispania ndio waliompeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Huko majina yakavurugika. Waingereza walimpa jina la nchi ya Uturuki. Wafaransa wakamwita ndege wa Uhindi. Na Waturuki wenyewe, walipoona hawamjui, nao wakamsingizia Uhindi. Hakuna aliyepata. Na sisi Waswahili tumemwita bata, naye si bata hata kidogo. Ukoo wake ni mmoja na wa kuku.

Sasa tuje kwenye hatari, maana hapo ndipo watu hupotea. Wengi hudhani kwamba nyama ikiisha kuiva, vijidudu vyote vimekufa na kazi imekwisha. Sivyo. Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium perfringens, ambacho huweza kukaa ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu, na ganda hilo halivunjwi na maji yachemkayo. Sufuria kubwa ikiepuliwa na kuanza kupoa polepole, mbegu hizo huamka. Katika joto la digrii 43 hivi, mambo yakivipendeza, vijidudu hivi huongezeka maradufu kila dakika 10. Wapenzi wa hesabu na wapige: kikianza kimoja, baada ya muda wa saa 2 vimekuwa 4,096. Nyama haibadiliki rangi wala harufu. Mlaji husokotwa na tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, na kwa kuwa muda umepita, hulaumu maji ya kisima au jicho la jirani.

Kuna na kingine, Staphylococcus aureus, kikaacho puani na katika vidonda vya mikono. Mpishi akinyambua nyama kwa mikono isiyonawiwa, humwachia mlaji zawadi hiyo. Nyama ikikaa nje katika joto letu, kijidudu hiki hutoa sumu, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo sababu mimi siikubali desturi ya kuchemsha sufuria ile ile asubuhi na jioni kwa siku 4 au 5, ijapokuwa najua wazee wetu wengi wanaiamini. Moto huviua vijidudu vilivyo hai, lakini mbegu zabaki na sumu yabaki, na kila sufuria ipoapo kazi huanza upya.

Basi afanyeje mwenye friji? Watu wamalizapo kula, asimwache ndege mezani mpaka hadithi ziishe. Anawe mikono kwa sabuni, aitoe nyama kwenye mifupa, aikate vipande vidogo na kuitandaza katika vyombo vipana visivyo na kina, ili ubaridi uingie upesi hadi ndani. Iwe imeingia friji kabla ya saa 2 kupita tangu ilipoondoka motoni. Kumwingiza ndege mzima akiwa na moto wake ni kazi bure: nje hupoa, lakini ndani, penye mifupa, hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Katika ubaridi wa digrii 4 nyama hii hukaa siku 3 au 4. Ikigandishwa kuwa barafu hukaa miezi, ila utamu wake hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Na umeme ukikatika, jambo tusilohitaji kufundishwa, usifungue mlango kila mara kwenda kutazama. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi wake kwa saa 4 hivi.

Lakini nyumba nyingi hazina friji, na hizo hasa ndizo ninazozifikiria. Hapo dawa ni kupanga kabla ya kushika kisu. Nyumba mbili zaweza kununua ndege mmoja na kugawana nyama mbichi siku ile ile ya kuchinja. Au apikwe mzima, na sahani ziende kwa majirani jioni hiyo hiyo zikiwa moto, kama ilivyo desturi. Wala asiione mtu kuwa hasara, maana mwezi mwingine sahani hurudi na kitu. Wako pia waulizao juu ya kukausha. Katika Ankole na Buganda hutengenezwa mukalo, yaani nyama ya ng'ombe iliyochanwa vipande virefu vyembamba na kukaushwa juani au juu ya moto hadi ikakamae. Jambo la kuangalia ni kwamba mukalo hutengenezwa kwa nyama mbichi, siyo nyama iliyopikwa ikalala. Tena kwa bata mzinga, ngozi na mafuta havifai kukaushwa, kwa maana mafuta huchacha upesi.

Sasa mapishi. Shika kanuni moja: nyama hii imekwisha kuiva, kwa hiyo haihitaji kupikwa mara ya pili, inahitaji kupashwa moto tu. Nyama ya kifua ina mafuta kidogo mno. Ukiitokosa tena kwa saa nzima, nyuzi zake hujikaza na kukamua maji yote, nawe utatafuna kamba ya mkonge. Nyama nyeusi ya mapaja huvumilia zaidi. Kwa hiyo mchuzi upikwe kwanza mpaka uwe tayari, ndipo nyama itiwe mwishoni, ikae tu mpaka ipate moto sana hadi kiini, yaani digrii 74 kwa wenye kipimajoto, au mvuke utoke katikati ya kipande ukikipasua.

Mchuzi unaoipendeza nyama hii kuliko yote ni wa karanga. Kaanga vitunguu na nyanya, tia karanga zilizosagwa zilizokorogwa kwa maji, na uache zitokote taratibu kwa nusu saa au zaidi, ukikoroga ili zisishike chini. Ukiona mafuta yanaelea juu, mchuzi umeiva. Tia nyama yako iliyonyambuliwa, onja chumvi, na umemaliza. Mafuta ya karanga hufanya kazi ambayo nyama ya kifua haiwezi kujifanyia. Shangazi yangu aliye Masaka huenda mbali zaidi. Hulilainisha jani la mgomba juu ya moto, akatia humo nyama pamoja na mchuzi huo wa karanga, akalifunga na kulipika kwa mvuke, kama apikavyo luwombo. Jani huzuia maji yasitoke, na nyama iliyokuwa kavu jana hutoka laini. Mimi kwa kweli naona chakula hiki chapita kile cha Krismasi yenyewe.

Mifupa nayo usiwatupie mbwa. Mifupa ya ndege ikipikwa hupasuka vipande vikali na yaweza kumtoboa mbwa matumbo. Ivunje, itie katika sufuria pamoja na kitunguu, karoti na kipande cha tangawizi, mimina maji baridi mpaka yafunike, kisha acha ichemke polepole kwa muda wa saa 3. Moto uwe mdogo, maji yatikisike tu. Yakichemka kwa nguvu supu huwa na ukungu. Katika viungo na gegedu mna kitu kama gundi ambacho huyeyuka polepole, na supu nzuri ikipoa huganda na kutetemeka. Watu wengine wakiona hivyo huidhania imeharibika na kuimwaga! Isipohitajiwa siku hiyo, iweke sufuria ndani ya karai la maji baridi, badilisha maji mara mbili tatu, ipoe upesi, kisha itie friji. Asiye na friji aipike ya kutosha siku moja.

Supu hiyo ina kazi nyingi. Wapwani huipikia pilau badala ya maji, nyama ikawekwa juu wakati wa kupalia makaa. Nyumbani Uganda asubuhi huwa katogo: matoke yamepikwa ndani ya supu hadi yameiva, na vipande vya nyama vikatiwa mwishoni. Vipande vidogo vilivyosalia huingia katika mayai ya kukunjwa na chapati, ile rolex ya vijana, au katika sambusa. Chochote utakachopika, toa katika friji kiasi cha mlo mmoja tu, na kilichopashwa moto kisirudishwe tena.

Yabaki mafuta yaliyoganda juu ya supu baada ya kupoa. Yaengue kwa kijiko, yatie katika chupa safi yenye mdomo mpana, yaweke friji. Kijiko kimoja chatosha kukaangia fungu zima la dodo.