Neno "Kizazi": Maana, Asili na Ufundishaji Wake

Miongoni mwa maneno ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyataja mara kwa mara bila kuyaeleza ni "kizazi". Neno hili lina maana zaidi ya moja, na mwanafunzi asipoonyeshwa tofauti zake huzichanganya.

Maana ya kwanza ni watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe watokanao na mtu mmoja. Kwa maana hiyo twasema kwamba Adam Sapi Mkwawa, aliyepata kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, alikuwa wa kizazi cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyefariki mwaka 1898. Alikuwa mjukuu wake. Maana ya pili ni watu wa rika au wakati mmoja, kama tusemapo "kizazi kilichopigania uhuru". Hawa si lazima wawe wa ukoo mmoja.

Kuhusu asili, "kizazi" latokana na kitenzi "zaa". Mwanafunzi mdadisi atauliza: je, z ya pili imetoka wapi? Zamani kitenzi hiki kilikuwa na sauti l, ambayo Kiswahili kiliidondosha kati ya irabu mbili. Waganda bado husema "okuzaala", na Wazulu "ukuzala". Katika Kiswahili chenyewe l hiyo huonekana katika "zaliwa" na "zalisha". Ikifuatwa na kiambishi -i cha kuundia nomino, l hugeuka z, kama "lala" litupatiavyo "malazi". Hivyo ndivyo yalivyopatikana "uzazi" na "kizazi".

Darasani, mwalimu aandike ubaoni sentensi mbili zenye maana hizo mbili, wanafunzi waeleze tofauti. Kisha waorodheshe "zaa", "zaliwa", "zalisha" na "kizazi", wapigie mstari sauti inayobadilika. Mwisho, kila mmoja ataje neno la kwao lenye maana ya kuzaa. Wengi wenye lugha za Kibantu watataja neno lenye l au r, kama "kubyara" la Kinyarwanda.

Hatua hii ya mwisho isirukwe. Mtoto anayeadhibiwa kwa kutamka neno la nyumbani husadiki kwamba lugha ya mama yake ni adui wa Kiswahili. Akiulizwa neno hilo na kulilinganisha na la Kiswahili, hutambua kwamba lugha hizo mbili nazo ni za kizazi kimoja.