Chapati karanga, na ‘bibi’ wa Dunga

Mtanzania anayevuka mpaka kutoka Sirari kuingia Isebania hubadilisha fedha. Lugha haibadilishi, maana Kiswahili kipo pande zote mbili. Ndivyo nilivyojiambia nikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Kisumu kupitia Migori, Kisii na Ahero. Nilibeba pasipoti, koti la mvua na majivuno ya mwalimu anayeamini kuwa Kiswahili chake ndicho sanifu. Majivuno hayo yalidumu mpaka saa ya chakula cha mchana.

Katika hoteli moja ndogo mjini nilisoma ubaoni: “Chapati karanga.” Nikajiuliza, kumbe hawa hula chapati kwa karanga kama sisi tunavyokula mihogo? Nikaagiza kwa udadisi. Ikaja sahani ya chapati mbili na nyama ya ng’ombe iliyokaangwa, ikiogelea kwenye mchuzi wa nyanya.

“Dada, samahani, niliagiza karanga.”

“Si hiyo ndiyo karanga?”

“Nilidhani zile za kutafuna.”

Akafikiri kidogo. “Aah, unataka njugu! Hizo utapata huko nje, kwa wale wanauza barabarani.”

Nilikula nyama yangu kimya, tena tamu kwelikweli, huku nikichambua kosa langu. Kitenzi ‘kukaanga’ kina umbo jingine, ‘kukaranga’, na kamusi zetu zinalitambua. Chochote kilichopita kwenye mafuta au kikaangio chaweza kuitwa karanga. Jirani zetu wameliweka jina hilo kwenye nyama. Sisi tumeliweka kwenye njugu, hata zile mbichi zilizotoka shambani leo na hazijauona moto. Jina kamili la zao lile ni ‘njugu karanga’. Mkenya akachukua njugu, Mtanzania akachukua karanga, kila mmoja akaenda zake na nusu ya jina.

Jioni nikapanda tuktuk, ambayo kwetu ni bajaji, hadi ufuko wa Dunga kutafuta samaki. Pale nilikutana na mama mmoja mzee mwenye beseni lililojaa. Nikainama kidogo kwa adabu zote nilizofundwa: “Shikamoo, bibi.”

Akanitazama. “Ai! Mimi bibi yako tangu lini? Bibi yako umemwacha Tanzania!”

Wenzake waliokuwa wakiparua magamba wakaacha visu wakacheka. Uso wangu ukawaka. Nilikuwa nimemwita mke wangu mbele ya kadamnasi. Huko kwao bibi ni mke, na mama wa mama yako ni nyanya, neno ambalo kwetu wengi huliacha kwenye kachumbari.

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa kichekesho kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja aliyekulia Rorya, karibu na mpaka, aliandika katika insha: “Baba alisafiri na bibi yake.” Nilijua fika kuwa alimaanisha mkewe. Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni “Si Kiswahili”, nikampunguzia alama.

Je, kweli si Kiswahili? Hebu tujichunguze. Neno hili, ambalo asili yake huelezwa kuwa Kiajemi, lilimaanisha mwanamke wa kuheshimiwa. Ndiyo maana tunafungua hotuba kwa “mabibi na mabwana”, tunafupisha “Bi.” mbele ya jina, na tuliwahi kuwa na bibi shamba kando ya bwana shamba. Kutoka kwenye heshima hiyo, sisi tumelipeleka kwa mama mkongwe, wao wamelipeleka kwa mke. Na anayeolewa Dar es Salaam Jumamosi, akiwa na shela na miaka 25, tunamwitaje? Bibi harusi! Hakuna anayedhani bwana harusi anaoa nyanya yake. Maana niliyoikata kwa kalamu nyekundu imo kwenye kadi za harusi zetu wenyewe.

Kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, nasi tunanufaika nacho tukiandika vitabu na mitihani. Lakini mwalimu anapaswa kutofautisha “hili silo tunalolitumia katika mtihani huu” na “hili si Kiswahili”. La kwanza linamfundisha mtoto. La pili linamwambia kwamba watu wa nyumbani kwake hawajui kusema. Alama ile siwezi tena kumrudishia. Naweza tu kukiri hapa.

Turudi kwenye beseni. Niliomba sato, mama akauliza, “Sato ni gani?” Nikamwonyesha kwa kidole. “Hiyo ni ngege.” Sangara akawa mbuta, dagaa wakawa omena. Ukivuka kwenda Uganda, dagaa haohao ni mukene. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa hili, na samaki hawaulizwi pasipoti. Ni sisi tunaowapa majina mapya wakifika ufukweni. Majina ya Kijaluo yameingia katika Kiswahili cha sokoni Kisumu kwa sababu Wajaluo ndio wavuvi na wachuuzi wa pale, na aliye na bidhaa ndiye huipa jina.

Nilikula ngege mzima kwa ugali, kwa mikono, jua likizama ziwani. Asubuhi nilirudi kwa yule mama kabla ya kupanda basi.

“Oyawore, mama,” nikamwamkia kwa Kijaluo changu cha siku moja.

Akacheka. “Na bibi yako anaendelea aje?”

“Bibi hajambo,” nikajibu. “Ameniagiza omena.”