Kitalu Hakingoji Mvua

Kila mwaka, Septemba inapoyoyoma na Oktoba kubisha hodi, uwanja wa Jamhuri Park hufurika watu. Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, huwaleta pale wanafunzi waliovalia sare, ng'ombe walioogeshwa wakang'aa, na kampuni za mbegu zenye mashamba madogo ya maonyesho. Ndani ya uwanja kabichi zimefunga na nyanya zinaiva. Nje, kando ya Ngong Road, nyasi zimekauka na vumbi linatimka. Mgeni hununua pakiti ya mbegu za sukuma wiki, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kungoja mvua. Huyo tayari amechelewa.

Ni suala la hesabu. Mvua za vuli katika Nairobi na nyanda za juu za mashariki ya Bonde la Ufa huanza, kwa kawaida, kati ya wiki ya pili na ya nne ya Oktoba, na kukatika mwezi wa Desemba. Mche wa sukuma au kabichi hukaa kitaluni wiki nne hadi sita kabla haujawa tayari kuhamishwa. Nyanya ni vivyo hivyo. Pilipili hoho na vitunguu hutaka wiki sita hadi nane. Anayesia mbegu siku mvua inapoanguka atapandikiza sukuma mwishoni mwa Novemba, zikiwa zimesalia wiki chache tu za maji ya bure. Mizizi itakuwa haijashika sawasawa Januari ikiingia na jua lake. Mkulima aliyesia katikati ya Septemba, vibanda vya maonyesho vikiwa bado vinapigiliwa misumari, ndiye atakayeikuta vuli akiwa na miche yenye majani manne au matano, iliyo tayari kwenda shambani.

Nimesikia mara nyingi watu wakiuliza mvua itaanza lini. Kwa mkulima wa mboga ningependa swali ligeuzwe: miche yangu itakuwa na umri gani mvua itakapoanza? Swali la kwanza halina jibu la hakika. La pili liko mikononi mwake.

Sababu ya swali la kwanza kuwa gumu iko mbali na Nairobi, juu ya Bahari ya Hindi. Tangu Desemba hadi Machi pepo za kaskazi huvuma kutoka upande wa Asia, na kuanzia Aprili au Mei kusi huchukua nafasi yake, ikitoka upande wa kusini mwa bahari. Mabaharia wa majahazi ya Mombasa na Lamu walipanga safari zao kwa pepo hizo karne nyingi kabla ya kuwako utabiri wa redioni. Mvua zetu kubwa huja katika vipindi vya mpito, wakati ukanda ambamo pepo za kusini na za kaskazini hukutana unapovuka ikweta kulifuata jua. Ukienda kaskazini hutupa masika ya Machi hadi Mei, na ukirudi kusini hutupa vuli. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Nairobi. Ukanda huo, hata hivyo, hauna ratiba. Unaweza kukawia, ukapita haraka, au ukamwaga mvua ya siku mbili na kutoweka wiki mbili nzima.

Mvua hiyo ya siku mbili ndiyo inayowaponza wakulima wadogo. Wataalamu wa tabianchi wa Afrika Mashariki hawasemi msimu umeanza kwa sababu tu ya matone kwenye mabati. Hutumia kipimo: jumla ya milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada ya hapo kusiwe na zaidi ya siku saba kavu mfululizo katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya pili ya kipimo ndiyo ngumu, maana hujulikana baadaye. Mtu aliyeuona udongo umelowa Oktoba 8 hana namna ya kujua, kwa macho yake, kwamba Oktoba 12 hadi 25 kutakuwa kukavu. Akiwa ametawanya mbegu za dania na karoti, ambazo husiwa moja kwa moja shambani, zitachipua kisha zikaungua. Akiwa amemaliza akiba yake ya mbegu, msimu umemtoka.

Hapa ndipo kitalu kinapoonyesha thamani yake, na napenda tuipime kwa lita. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mwezi wa Septemba au Februari, jua na upepo wa Nairobi hunyonya takriban milimita nne hadi tano kwa siku kutoka kwenye ardhi iliyofunikwa na mimea. Chukua shamba la mita 10 kwa 10, la ukubwa unaoweza kupatikana nyuma ya nyumba za Woodley au kando ya ploti ya Kawangware. Kulinywesha lote kunataka lita 400 hadi 500 kwa siku, yaani mitungi 20 hadi 25 ya lita 20. Hakuna anayenunua maji kwa mtungi atakayemudu hilo. Shamba hilo likipandwa sukuma kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 linahitaji miche 370 hivi. Miche hiyo, ikisiwa kwenye mistari iliyoachana sentimita 10 na kupunguzwa ibaki sentimita mbili na nusu kati ya mche na mche, inaenea katika mita moja ya mraba. Weka mita moja na nusu ili kufidia itakayokufa. Kitalu hicho kinakunywa lita sita hadi nane kwa siku, chini ya nusu ya mtungi.

Kwa hiyo mwezi mzima wa kiangazi miche inatunzwa kwa nusu ya mtungi kila siku, na mvua inapofika inamkuta mwenye shamba ameshavuka kipindi kigumu cha kuota na kutoa majani ya kwanza. Sijui mbinu nyingine ya kilimo inayompa mtu asiye na pampu wala tangi muda mwingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Barabara ile ile ya Ngong ina jirani mwingine anayestahili kutembelewa zaidi kuliko anavyotembelewa. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, hatua chache kutoka Jamhuri, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kabla ya kila msimu, mwishoni mwa Agosti kwa vuli na Januari au Februari kwa masika, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana katika jukwaa la utabiri linaloratibiwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilichoko Ngong. Jukwaa hilo limekuwapo tangu mwaka 1998. Kutokana na kikao hicho kila nchi hutoa utabiri wake wa msimu, ikieleza uwezekano wa mvua kuwa juu ya kawaida, karibu na kawaida, au chini yake. Baadaye hufuata taarifa za mwezi, za wiki na za siku.

Taarifa hizi zina kazi tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowafanya watu waseme utabiri hauaminiki. Utabiri wa msimu unakufaa kitaluni: unakusaidia kuamua usie nini, na kiasi gani. Utabiri wa wiki unakufaa siku ya kupandikiza. Kitalu kinasimama kati ya hizo mbili, kikiishikilia miche mpaka taarifa ya wiki iseme kuna mvua ya siku kadhaa.

Utabiri wa msimu nao una nguvu zisizolingana. Vuli hutabirika vyema zaidi, kwa sababu imefungamana na joto la bahari linalobadilika polepole. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, maji yakiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia yakapoa, vuli huja kwa kishindo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, na pia mwaka 1997 na 2023, El Niño ilipojiunga. Hali ikigeuka, na La Niña ikatawala katika Pasifiki, tunapata yale ya 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu kubwa za Pembe ya Afrika. Masika ni makaidi zaidi. Hayana kamba moja ya kuyavuta, na utabiri wake wa msimu hauna uhakika kama ule wa vuli. Isitoshe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000 masika yalifupika, yakianza kwa kuchelewa na kuondoka mapema.

Mimi humwambia kila anayeniuliza asisie mbegu zote siku moja. Gawanya pakiti mafungu matatu. Kwa vuli, sia fungu la kwanza wiki ya kwanza ya Septemba, la pili baada ya siku 10 hadi 14, na la tatu vivyo hivyo. Mvua ikiwahi, fungu la kwanza liko tayari. Ikichelewa hadi Novemba, la kwanza limezeeka lakini la tatu ndio kwanza linafikisha umri. Kuzeeka huku si jambo dogo. Sukuma huvumilia kukaa kitaluni wiki moja au mbili zaidi ukiipunguzia maji. Mche wa kabichi ukikawia huelekea kufunga kichwa kidogo, na wa nyanya hurefuka ukawa mwembamba wa kuangushwa na upepo. Kupoteza theluthi ya mbegu ni nafuu kuliko kupoteza msimu.

Kuna hatari za kitalu chenyewe. Kitalu kilichosongamana na kunyweshwa kupita kiasi huvamiwa na vimelea vya udongo vinavyoozesha shina pale linapogusa ardhi, na miche hulala chini usiku mmoja. Punguza miche mapema, nywesha asubuhi ili udongo ukauke juu kabla ya usiku, na usirudishe kitalu cha sukuma au kabichi mahali palipokuwa na jamii hiyo ya mboga msimu uliopita. Siku saba hadi kumi za mwisho ondoa kivuli kidogo kidogo na punguza maji, miche ikomae.

Siku ya kupandikiza ina sayansi yake. Mche unapong'olewa hukatika vinyweleo vya mizizi, vile vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho ambavyo ndivyo vinavyofyonza maji mengi. Majani hayajui kwamba mizizi imejeruhiwa, nayo yanaendelea kupumua maji kupitia vitundu vyake. Kwa siku chache mche unatumia maji mengi kuliko unayopata. Ndiyo maana tunangoja jioni, au siku ya mawingu, tunalowesha kitalu kabla ya kung'oa ili mche utoke na bonge lake la udongo, na tunaweka matandazo ya nyasi.

Si kila mboga inafurahia mvua, na hapa wengi hupata hasara isiyo ya lazima. Nyanya ikiwa na majani mengi Novemba, katika ubaridi na unyevu wa upande huu wa mji, hushambuliwa na ukungu wa Phytophthora infestans, ule ule unaoua viazi, na shamba linaweza kuungua ndani ya siku chache. Afadhali kusia nyanya katikati ya Oktoba na kupandikiza mwishoni mwa Novemba, ili mvua za mwisho zijenge mizizi na maua yafunguke Januari. Kitunguu nacho hutaka kukomaa pakavu, kwa hiyo kikisiwa mapema Oktoba huvunwa Februari au Machi. Mvua yenyewe ziachie sukuma, spinachi, managu, saga na kunde. Terere huanza kuvunwa wiki tatu au nne tu tangu kusiwa, kwa hiyo hata vuli iliyochelewa inatosha. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuonyesha jinsi mboga hizi za kienyeji zilivyo na virutubishi na zinavyolingana na misimu yetu. Namshukuru kwa hilo, maana kuna wakati zilidharauliwa kama chakula cha wasio na pesa.

Udongo pia uamue. Upande wa Dagoretti na Kabete ni mwekundu, wa kina, unaopitisha maji vyema, na siku moja baada ya mvua kubwa unaingilika. Ukishuka kuelekea Lang'ata na Embakasi unakuta mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko ni lazima kupanda juu ya matuta, la sivyo mizizi itakosa hewa. Kwa asiye na ardhi kuna gunia, ambalo shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza Kibera kuanzia mwaka 2008: nguzo ya mawe katikati ya kupitisha maji, udongo pembeni, miche juu na kwenye matundu ya ubavuni. Gunia hukauka upesi kuliko shamba, hivyo kalenda yake hutegemea mtungi zaidi ya mawingu. Mtungi huo usijazwe kwenye mto Motoine, unaopokea majitaka ya mitaa njiani kuelekea Bwawa la Nairobi. Mboga za majani hubeba kilichomo majini hadi mezani.

Kwa masika, hesabu ni ile ile ikianzia wiki ya mwisho ya Machi: sia fungu la kwanza la sukuma katikati ya Februari, maji yakiwa ghali na bei ya sukuma katika masoko ya Toi na Kawangware ikiwa juu. Masika yakiisha Mei, usiondoe kitalu. Juni hadi Agosti hakuna mvua ya maana, lakini mawingu na baridi hupunguza kiu ya shamba hadi milimita tatu hivi kwa siku, na miche iliyosiwa mwishoni mwa Aprili, ambayo kwa baridi hiyo itakua polepole, italisha nyumba hadi Septemba, mama mboga wakianza tena kupandisha bei.